Dondoo muhimu: Mchoro wa kumtumia fundi wa leth

Shafti ya pampu ya kumwagilia migomba ikikatika Mboghoni, mchoro huweza kufika Voi au Mombasa kabla ya matatu. Fundi wa leth ya mkono mtumie PDF: vipimo vyote kwa milimita, aina ya chuma, na penye beringi kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Bati la kukatwa kwa plazma lataka faili la DXF. Taja kipimo kimoja cha kuhakiki, maana milimita zikisomwa kama inchi, kitu huwa kikubwa mara 25.4. Mwenye mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) apate faili la STEP pamoja na PDF ileile. Faili la STL halimfai: duara lake ni vipande bapa vilivyounganishwa. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, si picha. Ukibadilisha mchoro, mwambie fundi kwanza afute faili la zamani.