SOMO LA WIKI: Mdaiwa asipoikomboa nyumba iliyonadiwa

Huko Marekani, majimbo kama Arizona na Florida huuza vyeti vya deni la kodi ya majengo. Mwenye nyumba asipokomboa, mwenye cheti huanza hatua za kuifuata mali. Hapa kwetu biashara hiyo haipo. Inayokaribiana nayo ni nyumba inayouzwa na dalali wa mahakama.

Tuseme nyumba yenye hati ya Mwanjelwa, Mbeya, imekuangukia kwa sh. milioni 40. Papo hapo unatoa asilimia 25, yaani sh. milioni 10. Milioni 30 zilizobaki zilipwe mahakamani ndani ya siku 15. Ukichelewa, nyumba hunadiwa upya na amana yako yaweza kupotea. Anayetegemea mkopo ambao haujaidhinishwa huumia hapo.

Hata ukimaliza kulipa, usianze kubomoa ukuta. Mdaiwa ana siku 30 tangu mnada za kulipa deni pamoja na asilimia 5 ya bei uliyonunulia. Hiyo ni fidia yako: sh. milioni 2. Anaweza pia kupinga mnada kwa kasoro.

Siku hizo zikipita kimya, omba mahakama ithibitishe mauzo na ikupe cheti, ukipeleke kwa Msajili wa Hati. Mtu akigoma kutoka, omba amri ya kukabidhiwa. Ukipeleka mabaunsa umejitafutia kesi mpya. Na kabla ya kunyoosha mkono mnadani, Mbeya au Iringa, ulizia kwanza malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi.