Lori Kuukuu Uani: Mkubaliane Kabla ya Kulifungua



Kila mtu ana jambo la kumburudisha baada ya kazi. Wako waume wanaopenda mpira, na wako wanaopenda kufufua malori ya zamani. Mke hurudi kutoka sokoni akakuta Bedford isiyo na magurudumu imewekwa juu ya mawe, pale pale anapoanika nguo. Hapo maneno huanza. Somo hili ni juu ya burudani hiyo, na jinsi mume na mke wanavyoweza kuikubali bila kuvunja amani ya nyumba.

Tusiwacheke wanaoipenda. Bedford ya aina ya TJ, ile yenye pua mbele, ilitolewa na kampuni ya Vauxhall ya Uingereza mwaka wa 1958. Magari ya namna hiyo yalibeba watu na mazao yetu kwa miaka mingi. Kulisikia moja likinguruma tena ni furaha ya kweli. Lakini furaha hiyo ina gharama tatu.

1. Bei iliyofichika

Bei ya kununulia lori ni mwanzo tu. Kutu hujificha katikati ya vyuma vya chesisi, na ufa wa silinda hedi hauonekani mpaka injini ifunguliwe. Isitoshe, malori ya Bedford hayatengenezwi tena Uingereza, kwa hiyo vipuri hutafutwa huku na huku. Mume hawezi kusema siku ya kwanza, "Mama watoto, gharama yote ni hii." Hata yeye haijui.

Ndiyo maana kukubaliana mara moja hakutoshi. Igawanyeni kazi kwa hatua: kwanza chesisi, springi, usukani na breki, pili injini na gia boksi, tatu nyaya za umeme, mwisho bodi na rangi. Kila hatua iwe na fungu lake la fedha. Ikimalizika, simameni, mhesabu, mkubaliane upya kama mtaendelea. Wengi huanza na rangi kwa sababu inapendeza macho, kisha fundi akifungua breki, rangi inakwaruzwa na pesa zimekwisha. Andikeni yote katika daftari moja ambalo wote wawili hulisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karo na chakula visiguswe kamwe.

2. Kurudisha au kubadilisha?

Kurudisha ni kulifanya lori liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kubadilisha ni kutia vitu vipya, kwa mfano kuondoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli ya miaka ya karibuni. Njia zote mbili ni halali, lakini chagueni mapema, maana badiliko moja huzaa jingine. Injini yenye nguvu zaidi hudai breki zenye nguvu zaidi, na pengine gia boksi na difu nyingine. Fundi asitoboe ovyo kingo za juu na za chini za chesisi, kwa kuwa hapo ndipo penye nguvu yake. Hapa Kenya, injini ikibadilishwa lazima iandikishwe kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012.

3. Hatari inayoingia nyumbani

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Breki za malori mengi ya zamani zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halina harufu, wala halimwashi mtu, lakini likivutwa laweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Katika nchi mbalimbali wamepatikana wake waliougua kwa kufua nguo za kazi za waume zao tu. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye vifaa, na ovaroli isiletwe nyumbani. Rangi ya zamani nayo yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Ikikwanguliwa, iwe mbali na nyumba. Tena rimu za vipande zenye ringi ya chuma zikifyatuka wakati wa kujazwa upepo huua. Zijazwe ndani ya kizimba cha chuma, na mtu aliyefunzwa.

Basi mke akisema, "Baba watoto, si hapa uani," asionekane mchokozi. Analinda watoto wenu wote. Afadhali lori likae kwenye karakana, hata kama ni kwa kodi ndogo, na kodi hiyo iandikwe daftarini.

Mke naye asiliite lori hilo takataka mbele ya wageni. Mume anayedharauliwa hujifunza kuficha risiti. Tengeni saa za kazi hiyo, labda Jumamosi asubuhi, na jioni iwe ya jamaa. Mke awe na fungu lake pia kwa jambo linalomburudisha yeye. Hatua ikimalizika, mpelekeni aone kilichofanyika na kusikia kilichogharimu.

Maswali ya kuzungumzia wawili

1. Je, kuna gharama ya burudani yangu ambayo mwenzangu haijui?
2. Tukifikia kiasi gani cha pesa tutasimama?
3. Ni hatari gani ninayoileta nyumbani bila kukusudia?