Vijana Wajifunze Kutunga Michezo ya Kompyuta, Si Kuicheza Tu

Likizo za shule zinapofika, vibanda vya michezo ya video masokoni na mitaani hujaa watoto. Kila mmoja hulipa shilingi chache, hushika pedi kwa zamu, hushinda au hushindwa, kisha hurudi nyumbani. Wazazi wengi huona hapo muda unaopotea bure. Hata hivyo, mtoto anayeweza kueleza ni wapi wachezaji huanguka, na kwa nini, tayari ameanza kufikiri kama mtungaji. Kinachosalia anaweza kujifunza kwa kompyuta moja ya kawaida na programu isiyolipiwa.

Njia rahisi ya kuanza ni kutunga ngazi moja, au levo kama vijana wanavyoiita. Ngazi ni sehemu ya mchezo yenye mwanzo, vikwazo na mwisho.

Somo la mwaka wa 1985

Mfano unaotajwa sana na walimu wa fani hii ni ngazi ya kwanza ya Super Mario Bros., mchezo wa kampuni ya Nintendo ya Japani uliobuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ngazi hiyo haina maelezo ya maandishi. Mhusika, Mario, husimama upande wa kushoto wa skrini huku nafasi wazi ikiwa kulia, na mchezaji hutambua mara moja aelekee wapi. Adui wa kwanza huja peke yake, tena polepole. Asiyeruka hupoteza uhai mmoja, lakini kwa kuwa ndio kwanza ameanza, hana safari ndefu ya kurudia.

Mbele zaidi kuna ngazi mbili za mawe zinazotazamana, na kati yake pana ardhi. Akikosea kuruka, mchezaji huangukia chini bila madhara. Hatua chache baadaye hukutana na mawe yaliyopangwa vivyo hivyo, ila safari hii katikati kuna shimo. Kuruka ni kule kule alikokwisha kujaribu, sasa kosa lina gharama.

Funzo ni hili: kila hatari ifundishwe mahali salama kabla ya kugeuzwa mtihani. Wachezaji huvumilia ngazi ngumu, lakini huiacha upesi ile inayowanasa bila kuwaonya.

Programu ya kuanzia

Scratch, programu iliyoanzishwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka wa 2007, imekusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki msimbo kwa herufi. Huunganisha vipande vya rangi vyenye amri kama vile kusogea, kuruka au kugusa ukuta. Programu hii ni ya bure. Mara ikishapakuliwa kwenye kompyuta, hutumika bila intaneti, na kazi iliyohifadhiwa inaweza kubebwa kwenye flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Mambo matano ya kufuata

1. Chora kwenye karatasi kwanza. Onyesha mwanzo, mwisho na vikwazo visivyozidi vitatu. Ngazi fupi iliyokamilika hufundisha zaidi ya ndefu iliyoachwa njiani.

2. Pima kuruka kwa mhusika. Ikiwa huruka umbali wa miraba mitatu, shimo la kwanza liwe la mraba mmoja au miwili. Shimo la miraba minne halivukiki hata na bingwa.

3. Ongeza ugumu kidogo kidogo. Onyesha kikwazo kipya peke yake, kirudie kikiwa kigumu kiasi, kisha kichanganye na kingine.

4. Mpe mwenzako acheze, nawe unyamaze. Usimwelekeze. Andika mahali anapoanguka na anapositasita. Watu watatu wakianguka mahali pamoja, kasoro iko kwenye ngazi.

5. Rekebisha jambo moja, ujaribu tena. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, hutajua ni lipi lililosaidia.

Jambo la nne ndilo linalowashinda wengi. Mtungaji anaijua njia yake kwa moyo, hivyo hudhani kila mtu anaiona. Kumtazama ndugu au jirani akikwama, bila kumnyang'anya pedi, humfundisha mtoto kusikiliza na kukubali kukosolewa.

Kabla ya kuchapisha

Mwaka wa 2015, Nintendo ilitoa Super Mario Maker, mchezo uliowawezesha watu wa kawaida kutunga ngazi zao na kuwashirikisha wengine. Masharti yake yalikuwa wazi: hakuna aliyeruhusiwa kuchapisha ngazi ambayo yeye mwenyewe hajaimaliza. Inafaa kila mtoto ajiwekee sharti hilo, hata anapotumia programu nyingine.

Kwenye tovuti ya Scratch, kazi ikishachapishwa, mtu yeyote anaweza kufungua na kuona ilivyoundwa, akaibadilisha na kuchapisha toleo lake, huku jina la akaunti ya mtungaji wa kwanza likitajwa. Mtoto aelezwe mapema kwamba huko si kuibiwa. Naye akichukua kazi ya mwingine, amtaje.

Usalama wa mtoto

Kuchapisha ni kutoka hadharani. Mtoto atumie jina la kubuni na asiweke picha yake, jina la shule, nambari ya simu wala mtaa anakoishi. Mzazi au mlezi awepo akaunti inapofunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Mtu asiyejulikana akimtaka mtoto wahamie mazungumzo ya faragha, mtoto asimjibu, bali amwarifu mtu mzima. Anayehitaji msaada anaweza kupiga nambari 116 ya kuwasaidia watoto, bila malipo, saa 24.

Kwa familia isiyo na kompyuta, karatasi yatosha kuanzia. Mtoto achore ngazi yake, mwenzake aifuate kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na mchoraji aangalie kidole kinakwama wapi. Siku atakapopata kompyuta, atakuwa tayari ana kitu cha kujenga.