MPIRA WA KIKAPU HUANZIA MIGUUNI

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili na walimu wetu wapendwa, msishangae kuniona humu. Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, ngeli na methali. Mimi nimeona afadhali nilete somo la uwanjani, maana nimelisoma kwa machozi.

Wengi wenu mlikuwepo siku ile ya mashindano ya muhula wa kwanza. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi 1. Nikapewa mpira karibu na kikapu. Mbele yangu mlinzi mmoja tu, tena mfupi kuniliko. Nikasogeza mguu wa kulia, nikasogeza wa kushoto, nikarudisha wa kulia, mara priii! Firimbi. Nimetembea na mpira. Badala ya kunyamaza niliupiga mpira teke hadi ukavuka ua. Refa akaniandikia kosa la utovu wa nidhamu, wapinzani wakapewa mtupo wa bure na wakaufunga. Tukashindwa kwa pointi 2. Safari ya kurudi ilikuwa kimya kama matanga.

Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, mikono unayo, miguu huna, na hasira zako zinacheza upande wa wapinzani. Muhula wa pili hutacheza hata dakika moja. Utawafunza kidato cha kwanza namna ya kusimama." Kusimama! Mimi, mfungaji wa timu! Nilikwenda nyumbani nimevimba kama andazi.

Sasa, wengi wetu tunaota kucheza kwa malipo, na ndoto yenyewe si ya mbali kama zamani. Ligi ya Basketball Africa League ilianza Kigali mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki. Lakini anayetaka kufika huko ajifunze habari za Hakeem Olajuwon, ambazo nilizisoma wakati nimenuna.

Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka wa 1963. Alipokuwa mvulana alicheza mpira wa mikono na alikuwa mlinda lango katika kandanda. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, yaani karibu umri wangu mimi! Mwaka wa 1980 alikwenda Chuo Kikuu cha Houston, Marekani. Mwaka wake wa kwanza hakucheza mechi hata moja. Alifanya mazoezi tu na kutazama wenzake. Wakati wa likizo alikuwa akipambana na Moses Malone, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa gwiji wakati huo, katika ukumbi wa mazoezi mjini humo. Mwaka wa 1984 akachaguliwa wa kwanza kuingia ligi ya NBA, mbele ya Michael Jordan aliyechaguliwa wa tatu. Akaipa Houston Rockets ubingwa mwaka wa 1994 na tena 1995.

Siri yake ilikuwa miguu. Zile hatua fupi za mlinda lango alikuja nazo kikapuni. Akijifanya anaenda kulia, mlinzi anaruka, kumbe yeye keshageukia kushoto. Mwaka wa 2011 LeBron James, ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, alimwendea ili afundishwe hatua hizo. Jamani, LeBron alirudi kujifunza kusimama na kugeuka, na mimi nanuna!

Basi tuanze somo lenyewe. Ukidaka mpira hewani ukatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, una ruhusa ya kuchagua mguu wowote uwe mhimili. Ukitua kwa mmoja kwanza, huo ndio mhimili wako, huna hiari. Mhimili hugeuka kama mtu anayezima kijiti cha moto mchangani, lakini hausogei. Unaweza kuuinua ili urushe au utoe pasi, mradi mpira utoke mkononi kabla mguu haujarudi chini. Ukitaka kudunda, mpira uondoke kwanza, ndipo mguu uinuke. Hapo ndipo mimi niliponaswa.

Zoezi letu halitaki hata mpira, na hiyo ni bahati kwa sababu shule ina mipira 2 na mmoja hauna pumzi. Tunachora mraba kwa chaki. Unakimbia hadi kona ya kwanza, unatua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, makalio chini kama unayetaka kuketi kwenye kigoda. Unageuka, unakimbia kona ya pili. Anayeyumba anaanza upya. Wiki ya kwanza niliyumba kuliko watoto wa kidato cha kwanza, nao walicheka bila huruma.

Kuhusu hasira sina zoezi la chaki. Olajuwon naye alipokuwa kijana aligombana sana uwanjani, kisha akatulia aliposhika dini yake kwa dhati. Februari 1995, mwezi wa Ramadhani, alifunga saumu huku akicheza, na akateuliwa mchezaji bora wa mwezi huo katika ligi. Wenzetu wanaofunga wanajua uzito wa jambo hilo. Sisi wengine tukikosa maji kwa saa moja tu tunamlaumu refa.

Nilichofanya mimi ni kidogo. Refa yule alipokuja shuleni kwetu muhula wa pili nilimfuata kivuli cha mwembe nikamwomba radhi. Akanikazia macho, akasema, "Kumbe ni wewe wa teke," kisha akaniomba nimshikie saa ya mechi. Nikaketi pale mezani dakika 40 nikihesabu muda wa wenzangu.

Orodha ya timu mpya itabandikwa Ijumaa. Sijui kama nimo. Najua kwamba mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, mfupi kuliko wote, jana alinigeukia mara 2 kwa mhimili wa kushoto, nami nikaruka hewani kama panzi huku yeye akifunga.