Kusudi la Kijana Mmoja

William Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987, na kwao ni Malawi. Njaa kuu ya mwaka 2001 ilipoingia, baba yake, aliyekuwa mkulima, hakuweza kumlipia karo. Basi akatoka shuleni. Lakini hakukaa bure. Katika maktaba aliona picha ya vinu vya upepo viletavyo umeme, akaazimia jambo moja: kuwasha taa nyumbani kwao. Kwanza alitengeneza kinu kidogo cha kujaribia. Kisha akaokota vyuma vikuukuu, akapata baiskeli mbovu, akasimamisha mnara wa miti. Watu walimdhani mwenda wazimu. Mwaka 2002 taa ikawaka. Baadaye alirudi masomoni, na mwaka 2014 akahitimu chuo kikuu Marekani. Mwenye kusudi moja, akiligawa kuwa kazi ndogo ndogo, hulifikia.