Pampu ya Sumaku: Haivuji, Ila Usiizungushe Kavu

Wengi mnaolima nyanya, hoho na maua kwenye kitalu nyumba mmeanza kutumia pampu za sumaku kuhamishia asidi na mbolea za maji. Uamuzi mzuri. Shida ninayoiona nikipita mashambani ni kwamba zinaendeshwa kama pampu za kisimani, halafu zinakufa mapema. Leo tuzijue.

Inafanyaje kazi?

Pampu ya kawaida ina shafti inayotoka kwenye mota, inapenya ukuta wa pampu na kuzungusha impela. Pale inapopenya pamewekwa sili. Sili ikichakaa, panavuja. Yakivuja maji, sawa tu. Ikivuja asidi ya nitriki, hapo ni ngozi, macho na mapafu ya mtu.

Pampu ya sumaku haina tundu hilo. Mota inazungusha sumaku ya nje. Ndani, nyuma ya kikombe kilichofungwa kabisa, kuna sumaku nyingine iliyoshikana na impela. Ya nje ikizunguka, ya ndani inafuata. Hakuna shafti inayopenya, kwa hiyo hakuna sili ya kuchakaa.

Sasa shika hili: beringi za ndani hazina grisi. Kinachozilainisha na kuzipoza ni kimiminika kilekile unachosukuma. Tangi likiisha na mota ikaendelea, beringi zinapata joto kali, plastiki inalainika, na pampu inaweza kufa ndani ya dakika chache. Na haikuonyi kwa kudondosha hata tone moja.

Namna ya kuiwasha

1. Ifunge chini ya usawa wa tangi, kimiminika kiingie chenyewe. Nyingi hazina uwezo wa kujivutia.
2. Fungua koki ya kuingizia yote. Hakikisha pampu imejaa na hewa imetoka.
3. Fungua kidogo koki ya kutolea, washa mota, kisha endelea kuifungua taratibu.
4. Kupunguza mtiririko, tumia koki ya kutolea tu. Ukibana ya kuingizia utasikia mlio kama wa kokoto: pampu inakosa kimiminika, inaumia.
5. Usiiache ikizunguka huku koki ya kutolea imefungwa. Kilichobaki ndani kinapata joto.

Kama mota ni ya fezi 3, hakikisha inazunguka upande wa mshale. Kipimo hicho nacho kifanywe pampu ikiwa imejaa.

Mota inazunguka, hakuna kinachotoka

Ikiwa tangi lina kitu na koki ziko wazi, huenda sumaku zimeachiana. Zima mota mara moja. Hazitashikana tena mpaka isimame, na ukiilazimisha, joto linapunguza nguvu ya sumaku. Tafuta sababu: impela imekwama, au kimiminika ni kizito kuliko uwezo wa pampu. Asidi ya fosforiki ya asilimia 85 ina uzito wa karibu mara 1.7 ya maji, kwa hiyo pampu iliyonunuliwa kwa hesabu ya maji inaweza kulemewa. Ukienda dukani, taja jina la kimiminika, ukali wake na uzito wake. Uliza pia pampu imetengenezwa kwa nini. Ile ya plastiki ya polipropilini haifai kwa asidi kali ya nitriki.

Uchafu ni adui

Mchanga unakwangua beringi. Chembe za chuma zinanasa kwenye sumaku ya ndani na kusaga kikombe. Usiitumie kuvuta maji ya mto, na mbolea iyeyushe yote kabla ya kuipitisha. Kalsiamu naitreti usiichanganye kwenye tangi moja na mbolea zenye salfeti au fosfeti, kwa sababu inaganda na kuacha chembe ngumu. Ukimaliza kazi, pitisha maji safi. Mbolea ikikaukia ndani, kesho impela haitazunguka.

Matunzo

Kila siku sikiliza mlio na angalia presha. Mlio ukibadilika, zima uchunguze. Kila msimu ukiisha, fungua uangalie beringi, kikombe na mipira ya kuzuia mvujo. Kabla ya kufungua: kata umeme kwenye swichi kuu, funga koki, toa presha, suuza, vaa glavu za kemikali, miwani na aproni. Sumaku hizi zina nguvu, zinaweza kubana vidole. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali.

Ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja tu, nunua swichi ya kuelea inayostahimili asidi, izime mota tangi likikaribia kuisha. Kabla hujaifunga, mwenye zamu asiondoke kwenye pampu. Ukimwambia "nenda ukaangalie matone, utarudi", umeshaiacha pampu yako ijilinde yenyewe, na hiyo kazi haiiwezi.