Utafundisha Judo Mpaka Lini?

Leo nazungumza na nyinyi wasichana mnaofundisha judo, karate na taekwondo, kwa sababu najua swali linalowachosha kila mkikaa mezani nyumbani: "Hayo mateke utarusha mpaka lini?"

Msilichukie swali hilo. Magoti yatakuja kuuma, na siku moja utamfundisha kijana mwenye nguvu kukuzidi mara mbili. Anayeulizwa mpaka lini anapaswa kuwa na jibu, na mtu aliyekuwa nalo ni Keiko Fukuda.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Babu yake, Hachinosuke Fukuda, alikuwa mwalimu wa jujutsu, na kati ya wanafunzi wake alikuwemo Jigoro Kano, yule aliyekuja kuasisi judo mwaka 1882. Kano hakusahau fadhila. Akiwa mzee alimwalika mjukuu wa mwalimu wake, naye akaanza mazoezi mwaka 1935 Kodokan, shule ya judo ya Kano. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 150 tu. Lakini huyo ndiye aliyefundisha mpaka uzeeni kabisa. Alifariki Februari 2013, ikiwa imebaki miezi miwili tu atimize miaka 100.

Aliwezaje? Hapa ndipo nataka mnisikilize. Fukuda alibobea katika ju-no-kata, mfululizo wa mbinu 15 ambazo watu wawili huzifanya taratibu, kwa mpangilio, bila kubwagana chini. Haihitaji misuli mikubwa. Inahitaji usawa wa mwili, na kujua wakati wa kusogea ili nguvu za mwenzako zipite bila kukudhuru. Mwili ukizeeka, maarifa hayo huzidi kuiva. Kwa kata hiyo alipanda jukwaani kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, kisha akahamia Marekani, akafundisha Mills College, California, tangu 1967 hadi 1978, na akaanzisha klabu ya judo ya wanawake San Francisco.

Basi la kwanza, nawe jiulize mapema: katika fani yangu, ni kipi nitakachoweza kufundisha nikiwa na mvi? Labda ni kata. Labda ni watoto wadogo. Labda ni kuanguka salama, somo la kwanza la judo, ambalo bibi wa miaka 70 analihitaji pengine zaidi kuliko kijana wa 20. Anza kulisomea sasa, wakati bado unashinda mashindano.

La pili ni mkanda. Fukuda alipata dani ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi, mwaka 1953, akakwama hapo karibu miaka 20, kwa kuwa Kodokan haikuwapandisha wanawake zaidi ya hapo. Ni 1972 tu ndipo yeye na mwenzake Masako Noritomi walipopewa dani ya sita. Dani ya kumi alitunukiwa na Wamarekani mwaka 2011, akiwa na miaka 98. Dhuluma ni dhuluma, na ukinyimwa mtihani kwa sababu ni mwanamke, dai haki yako, tena kwa maandishi. Ila darasa lako lisisimame kusubiri cheo. Mama anayekuletea mwanawe anaangalia kama mtoto anarudi nyumbani mzima, ana adabu na anajiamini.

La tatu, ndoa na fedha. Fukuda alikataa ndoa aliyopangiwa kwa kuwa ingemtenga na judo. Mimi siwatumi mkatae wachumba, jamani! Ninachosema ni kwamba mchumba ajue kabla ya posa kuwa jioni fulani uko dojo, na kwamba hiyo ni kazi. Nawe ifanye iwe kazi kweli: ada ipokelewe mwanzo wa mwezi na kuandikwa daftarini, uwe umesoma huduma ya kwanza, na mlango wa darasa la watoto ubaki wazi kwa wazazi kuingia wakati wowote.

Nyumbani wakiuliza tena mpaka lini, usinune. Waambie unafundisha nini mwaka huu, na unakusudia kufundisha nini ukifika miaka 50. Kama jibu la pili huna, basi hawajakuonea kukuuliza. Kalitafute.